Hata Nahodha Humwita Rubani



Makala hii naiandika kwa ajili yako wewe uliyemaliza darasa la kumi na mbili mwaka huu, ambaye baada ya Jumamosi chache kiti chako katika darasa letu la Kiswahili kitakuwa kitupu. Matokeo yametoka, na Kituo cha Udahili wa Pamoja kimeshawagawa. Mmoja kapata Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, mwengine Nizwa, mwengine Sohar, na mmoja kapata nafasi Uingereza na mama yake ameshaanza kuulizia makoti. Mashaallah. Mwenyezi Mungu awafungulie njia.

Siku hizi kila unapokwenda unapewa nasaha. Sali sala zako. Chagua marafiki. Soma kwa bidii. Usisahau kupiga simu nyumbani. Zote ni nasaha za kweli na sina hata moja ya kuipinga. Lakini iko moja ambayo mimi sikupewa, na kuikosa kulinigharimu mwaka mzima wa umri wangu. Ndiyo maana nimemuomba mwalimu anipe nafasi katika jarida hili.

Maoni yangu ni haya: kinachowaangusha wengi katika watoto wetu chuo kikuu si ugumu wa masomo, wala si vishawishi vya dunia. Ni aibu. Aibu ya kufungua mdomo na kusema, "Sijafahamu." Na ubaya wa aibu hii ni kuwa sisi huivisha kanzu ya dini, tukaiita haya, tukamsifu nayo mtoto mpaka anapofeli.

Nitaanza na nafsi yangu, maana mficha uchi hazai.

Nilitoka skuli nikiwa wa tatu katika darasa. Sayansi na hisabati nilisomeshwa kwa Kiarabu, nyumbani tukizungumza Kiswahili, na Kiingereza nilikuwa nacho cha kuulizia njia tu. Mwaka wa maandalizi niliumaliza kwa kupenyapenya. Mwaka 2004 nikaanza masomo yenyewe, katika chuo ambacho sitokitaja, kwa sababu kosa lilikuwa langu. Wiki ya pili ya hisabati mhadhiri aliujaza ubao, akageuka, akauliza kama tumefahamu. Nikatikisa kichwa kukubali. Wenzangu nao wakatikisa. Baadaye sana ndipo nilipojua kuwa nusu ya darasa walikuwa wakinitazama mimi, na mimi nikiwatazama wao.

Kuanzia siku ile sikuweza tena kuuliza. Ningeulizaje kitu cha wiki ya tano wakati cha wiki ya pili nimeshasema nimekifahamu? Kila siku deni likikua. Nikaanza kukaa safu ya nyuma. Kisha nikaanza kukosa vipindi. Na unajua nilikuwa nikienda wapi? Mskitini. Nilikuwa wa kwanza mskitini na wa mwisho darasani. Baada ya sala nilibaki nimeshika msahafu, na waliokuwa wakiniona walisema huyu kijana kalelewa. Mimi mwenyewe nilijua moyoni kuwa saa ile sikwenda mskitini kumuabudu Mwenyezi Mungu peke yake. Nilikwenda kujificha.

Muhula ulipomalizika nilifeli masomo mawili, na karatasi ya onyo ikafika nyumbani. Bibi yangu alilia. Mama alisema neno moja tu: "Tutawaambia nini watu?" Baba hakusema kitu kwa siku tatu.

Baba alikuwa karani wa mizigo hapa Matrah, katika Bandari ya Sultan Qaboos. Alizaliwa Unguja, akarudi Oman katika miaka ya 1970, pale Waomani waliokuwa nje walipoitwa warudi kujenga nchi yao. Katika mwaka wa 1970 nchi nzima ilikuwa na skuli tatu tu za serikali, Salalah, Maskati na hapa Matrah, zenye wanafunzi wasiofika 1,000, na wote wavulana. Mtu aliyerudi na Kiingereza cha skuli na hesabu za kuaminika alipata kazi. Baba aliipata yake kwa elimu aliyoisomea Unguja, na aliijua thamani yake kuliko mimi niliyekuwa nimelipiwa kila kitu.

Jioni ya Alkhamisi alinichukua kornishi. Tukakaa kwenye ukuta, bandari iko mbele yetu. Nje ya ukuta wa kuzuia mawimbi palikuwa na meli kubwa ya makontena, imesimama, haiingii.

"Unaiona ile?" akaniuliza.

"Naiona, baba."

"Nahodha wake huenda ni mtu wa umri wangu. Kavuka bahari tusizozijua. Mbona haingii?"

Nikasema labda gati hazina nafasi.

"Nafasi ipo. Anamngoja rubani."

Haukupita muda, boti ndogo ikatoka bandarini, ikaenda mbio mpaka ubavuni mwa meli. Baba akanieleza kile ambacho kwa umbali ule sikuweza kukiona vizuri: ngazi ya kamba inateremshwa, mtu mmoja anapanda, anakwenda kusimama karibu na nahodha na kumwambia hapa pana kina, pale pana mwamba, sasa punguza mwendo, sasa geuka. Nahodha anaijua meli yake. Anaijua bahari kuu. Lakini bandari hii haijui kama anavyoijua yule anayeingia na kutoka kila siku.

Akanieleza na habari ya bendera. Katika kanuni za bahari za dunia nzima iko bendera yenye milia ya njano na buluu, ambayo maana yake ni "nahitaji rubani." Rubani akishapanda hupandishwa nyengine, nusu nyeupe na nusu nyekundu, maana yake "rubani yumo." Siku hizi wanaongea kwa redio, lakini bendera hizo bado zimo katika kanuni. "Nahodha anaipandisha juu kabisa," alisema baba, "kila mtu aione. Hainyemelezi. Mabaharia wake hawamcheki. Wangemcheka kama angegonga mwamba."

Kisha akasema lile ambalo sijalisahau: "Na rubani akishapanda, meli haiwi yake. Inabaki ya nahodha. Kuomba msaada hakukupunguzii kitu, mwanangu, na wala hakukuondolei dhamana."

Jumamosi, ambayo wakati ule ilikuwa siku ya mwanzo ya kazi, nilikwenda ofisini kwa mhadhiri wa hisabati. Nilizunguka mlango mara mbili kabla ya kugonga. Hakunicheka. Aliniuliza tu nilianza kupotea wapi. Tukarudi nyuma ukurasa baada ya ukurasa, tukafika wiki ya pili. Alinieleza kitu kile kwa muda usiozidi dakika ishirini. Miezi minne niliyopoteza ilikuwa na thamani ya dakika ishirini. Masomo niliyoyafeli niliyarudia, na nikamaliza chuo mwaka mmoja nyuma ya wenzangu. Mwaka ule haujarudi, na baba hakuwahi kuniona nikivaa joho. Alifariki miezi michache kabla. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Sasa turudi kwenye hilo neno, haya.

Kiswahili chetu kinatuchanganya hapa. Binti anayeteremsha macho na kujistahi, tunasema ana haya. Kijana anayekaa kimya darasani na huku hajafahamu kitu, tunasema anaona haya. Neno moja kwa vitu viwili visivyofanana. Haya ya kwanza ni sehemu ya imani, kama tulivyofundishwa na Mtume, rehma na amani zimshukie. Hata asili yake katika Kiarabu ni ile ile ya neno hayati, yaani uhai. Ni kitu kinachomhuisha mtu. Hii ya pili haimhuishi mtu, inamzika. Tuiite jina lake: aibu.

Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, aliwasifu wanawake wa Kiansari wa Madina kwa jambo gani? Kwamba haya haikuwazuia kuuliza na kuifahamu dini yao. Na waliyokuwa wakiyauliza, mbele ya Mtume mwenyewe, ni mambo ambayo mimi na wewe tungeona tabu kumuuliza daktari. Hakuna aliyesema wamekosa adabu. Kama wao waliuliza hayo, wewe unaona aibu gani kuuliza habari ya mlinganyo wa hisabati?

Na tazama tulivyosomeshwa sisi wenyewe. Unguja na Pemba, mtu akisema "mtoto kaenda chuoni," mara nyingi hakusudii chuo kikuu, anakusudia chuo cha Kurani. Huko mtoto anasomaje? Anakaa mbele ya maalimu, anasoma kwa sauti, anakosea, anasahihishwa hapo hapo, wenzake wanasikia, anarudia. Herufi moja inaweza kurudiwa mara kumi. Hakuna mtoto aliyehitimu juzuu Amma kwa kutikisa kichwa. Utamaduni wa kukosea mbele ya mwalimu ni wetu tangu zamani. Tumeuacha nje ya mlango wa chuo kikuu, halafu tunashangaa kwa nini ndani kugumu.

Huenda ukasema: wewe ulifeli masomo mawili tu, mimi nikifeli nitaaibisha ukoo. Basi nikupe habari ya mtu wa ukoo mkubwa kuliko wako na wangu. Ali Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka 1933. Ukoo wa Mazrui asili yake ni hapa Oman. Baba yake, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Fikiria mtoto wa Kadhi Mkuu anafanya mtihani wa Cambridge na kupata daraja la tatu. Makerere, chuo ambacho vijana wa Afrika Mashariki nzima walikuwa wakikiota, haikumchukua.

Hakujificha. Alifanya kazi katika Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, ile iliyojulikana kwa jina la MIOME, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Pale, katika hadhara ya kuadhimisha mazazi ya Mtume, alisimama akahutubia, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Gavana wa Kenya, Philip Mitchell. Hotuba ile ilimfungulia mlango wa skolashipu ya Uingereza. Akaanzia Huddersfield kumalizia masomo ya sekondari, akaenda Manchester, akaenda Columbia, kisha Oxford alikopata udaktari. Halafu akarudi kuwa profesa Makerere, chuo kile kile kilichokuwa kimemkataa. Alipofariki mwaka 2014 alirudishwa Mombasa akazikwa na wazee wake.

Simsimulii ili uone daraja la tatu ni kitu kizuri. Namsimulia kwa sababu alikuwa na kila sababu ya kujificha, na badala yake alisimama mbele za watu akasema. Angekaa ndani kwa aibu, gavana asingemsikia.

Iko hatari nyengine inayozaliwa na aibu, na hii lazima niitaje wazi. Mtu asiyeuliza hana njia ila mbili: afeli au aibe. Wakati wetu tulinakili kazi za wenzetu. Leo unaweza kuiachia programu ya akili mnemba ikuandikie kila kitu kwa dakika moja. Wengi wanaofanya hivyo wala si wavivu. Ni watu walioachwa nyuma wiki ya pili na wakaona aibu kusema. Lakini Mtume, rehma na amani zimshukie, amemtoa mdanganyifu katika kundi letu kwa maneno mazito, na hakutofautisha kati ya mchele sokoni na karatasi ya mtihani. Ukifunga Ramadhani yote huku shahada yako ni ya wizi, umejidhulumu mwenyewe, na umemdhulumu mgonjwa au mteja atakayekuja kuitegemea shahada ile.

Basi ufanye nini? Mimi nakuomba upandishe bendera tatu, na zote katika mwezi wa kwanza, kabla hujapotea.

Ya kwanza ni kwa mhadhiri. Kila mhadhiri ana saa zake za kupokea wanafunzi ofisini. Nenda wiki ya kwanza, hata kama huna tatizo. Mwambie jina lako na swali moja. Ukienda mara ya kwanza bila ya shida, mara ya pili mlango hautakuwa mzito. Mwanafunzi wa kike akiona tabu kwenda peke yake, na aende na mwenzake. Adabu imehifadhika na swali limejibiwa.

Ya pili ni kuhusu ibada yako. Ukisoma hapa Oman, mskiti upo, Ijumaa ni mapumziko, na Ramadhani nchi nzima imefunga pamoja nawe. Shida yako itakuwa nyengine: dakhalia hakuna mama wa kukuamsha Alfajiri. Muombe mwenzako wa chumba muamshane. Ukisoma Uingereza, jua kuwa mwezi wa Disemba kule London jua huchwa kabla ya saa 10 za alasiri, kwa hiyo Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zote zinaingia ndani ya muda wa saa nne hivi, na huenda saa hizo hizo uko maabara. Ijumaa kule ni siku ya masomo. Usikae ukikereka moyoni na kusema hawa hawatujali. Mwendee msimamizi mwanzoni mwa muhula, mwambie, "Mimi ni Muislamu, nahitaji dakika kumi saa fulani, na Ijumaa nahitaji muda fulani." Vyuo vingi kule vina chumba cha sala na jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu. Lakini hakuna atakayekuombea ruhusa usiyoiomba mwenyewe.

Ya tatu ni kwa moyo wako. Upweke ni maradhi, na mficha maradhi kifo humuumbua. Ukijiona huli, hulali, hutoki chumbani, mwambie mtu: mshauri wa wanafunzi, daktari wa chuo, imamu, dada yako. Usisubiri mpaka imani yako ionekane kwako imepungua ndipo useme. Kuwa na huzuni si kukosa imani. Nabii Yaakub, amani imshukie, alimlilia mwanawe mpaka macho yake yakaingia weupe, na alikuwa Mtume wa Mwenyezi Mungu.

Neno la mwisho ni kwetu sisi wazazi. Watoto wanajifunza aibu hii kwetu. Tunawapeleka chuo na jina la ukoo mgongoni, kisha tunataka waseme wamechoka! Matokeo yao tumeyafanya mazungumzo ya harusi na ya matanga. Mtoto akipata alama nzuri tunamtangaza, akikosa tunamficha, naye anaelewa somo. Mama yangu hakuwa na nia mbaya aliposema "Tutawaambia nini watu?" Aliumia. Lakini mimi nilisikia kuwa watu ni muhimu kuliko mimi. Mtoto wako akikupigia simu wiki ya tano akasema "Baba, sifahamu," usianze na lawama. Muulize kama mhadhiri yule alivyoniuliza: "Umeanza kupotea wapi?"

Wewe uliyemaliza, siku moja kabla ya kuondoka pita Matrah asubuhi mapema. Makontena hayapo tena. Tangu mwaka 2014 shehena za biashara zilihamishiwa Sohar, na bandari ya baba yangu imebaki kuwa ya watalii. Lakini msimu wa baridi ukianza na meli zile nyeupe kubwa kama mitaa zikaanza kuja, kaa pale ukutani utazame. Utaiona meli inapunguza mwendo. Utaiona boti ndogo inatoka. Humo ndani yumo nahodha mwenye nyota mabegani, na anamngoja mtu aje amuoneshe njia.

Mimi nakuwepo darasani kila Jumamosi baada ya Adhuhuri, pamoja na wengine waliopitia vyuo vya hapa na vya nje. Mlango uko wazi hata kama hukuwa mwanafunzi wetu. Kuuliza si ujinga.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.